Punje za Mahindi na Ndege Aliyeitwa Karani

Vijana wangu wa kikundi cha ndege, kabla ya mkutano ule wa kijiji mlikuja kwangu mkanikuta napukuchua mahindi. Mlikaa kwenye kigogo, mkanipa shikamoo zenu vizuri, halafu mkaniuliza swali moja tu: "Bibi, wale ndege walioandikwa kwenye daftari lako wameenda wapi?" Mimi nikaanza na habari za mvua, nikarukia mbuzi, nikaja kwenye simu, mwisho nikawapa mahindi ya kuchoma mkaondoka. Najua mlinicheka njiani. Hata mimi ningecheka. Sikuwa nawakwepa, au labda nilikuwa nawakwepa, sijui. Mkutanoni mlisikia nusu ya jibu, maana nusu nyingine ilizimwa na kelele za watu. Na juzi limetokea jambo lililonivuruga kichwa zaidi. Basi nimechukua kalamu. Kalamu inanilazimisha kwenda polepole kuliko mdomo.

Nyinyi mnaniita Bibi Ndege, lakini kazini nilikuwa Bhoke tu, mhudumu wa misitu, nimezaliwa Tarime nikaletwa huku Serengeti na barua ya ajira. Nilichokuta huku ni kile kilima cha miiba pale bwawani Manchira. Nyinyi mnakijua: masika maji yakijaa kinakuwa kisiwa, kiangazi maji yakishuka unavuka kwenye shingo ya matope unafika kwa miguu. Juu yake pamejaa migunga mifupi, ile yenye vinundu vyeusi vinavyokaliwa na sisimizi, upepo ukipita vinapiga mluzi. Ndani ya miiba hiyo ndimo alimokuwa anakaa ndege wetu. Nasema alimokuwa, kisha nafikiri labda niseme anamokaa, kisha naacha.

Wataalamu wana jina lake refu la kitabuni. Sisi tulimwita Karani. Ni ndege mdogo wa kijivu, tumbo jeupe, anaenea kwenye kiganja cha mtoto, na mkia wake anausimamisha kama anayetaka kuuliza swali darasani. Pembeni mwa mkia, huku na huku, ana nyeupe. Sauti yake ni kavu, inajirudia, tak-tak-tak-tak, kama zile taipureta zilizokuwa pale ofisi ya wilaya kabla ya kompyuta. Walituambia yuko sehemu chache sana, na kila alipo ile miiba yake inakatwa. Hataki mti mwingine. Mpe mwembe, mpe mkaratusi, atakuangalia tu na kuondoka. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kumhesabu, mwaka hadi mwaka, ili ijulikane kama yupo.

Aliyenifundisha kuhesabu ni Mzee Sasi, mtu wa Robanda, aliyekuwa mwindaji kabla serikali haijampa koti la kaki. Msimfikirie kama wale wazee watulivu wa kwenye hadithi. Alikuwa mkali, mchoyo wa ugoro, na sikio lake la kushoto halikusikia kabisa. La kulia lilisikia akitaka. Ukimwambia "Mzee tupumzike" halisikii, ukinong'ona kwamba kuna nyama inachomwa kwa jirani, linasikia.

Kuhesabu kwake kulikuwa kwa punje. Asubuhi unajaza punje za mahindi makavu mfuko wa kulia wa koti. Ukimwona Karani, punje moja inahama kwenda mfuko wa kushoto. Jioni unamwaga mfuko wa kushoto juu ya meza, unahesabu, unaandika. Hakuna kuandika porini, kwa sababu ukiinamisha macho kwenye karatasi ndege anapita. Mimi mwanamke mdogo kwa umbo nilipewa koti la mwanaume, mikono inanifika kwenye kucha, nikawa natafuta mfuko kama mtu anayejipapasa kutafuta funguo. Siku za kwanza nilihamisha punje kutoka kushoto kwenda kulia, nikarudi jioni nina ndege pungufu kuliko nilioenda nao.

Hata Mzee mwenyewe aliwahi kukosea. Siku moja alijaza punje zilizokaangwa, akasahau, akawa anatafuna huku anatembea. Jioni akamwaga mfuko, akakuna kichwa. Nikamwambia, "Mzee, nafikiri umetafuna ndege watatu." Hakucheka. Akasema kuanzia kesho ni mahindi makavu yasiyokaangwa, yale magumu, na mwenye meno ajaribu.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja. Hujaona mkia, hujaona ndege. Unaweza kumsikia kwenye kichaka asubuhi nzima, punje haihami. Unasimama, jua liko mgongoni kwako, mikono chini, unahesabu moyoni mpaka mia, unatulia. Nguo nyeupe marufuku. Ukiona kijivu kinaruka, bado. Ukiona mkia umesimama na nyeupe zake mbili, hapo sasa hamisha. Tulikuwa tunakasirika. Mnajua ilivyo kusimama kwenye ile miiba halafu usiegemee? Elibariki, mwenzangu aliyeletwa kutoka Arusha, siku yake ya kwanza alichoka akaegemea mgunga. Sisimizi wakatoka kwenye vinundu vyote kwa pamoja. Alivua shati, akavua na lisilotakiwa kuvuliwa, mimi nikageuka nikaangalia bwawa kwa heshima. Mzee Sasi akasema, "Sasa huyo ameonyesha mkia," akahamisha punje.

Tulimpenda, lakini sheria yake tuliona ni ya mtu asiyesikia. Tulisemezana na Elibariki: Mzee anang'ang'ania macho kwa sababu masikio yamekufa. Angekuwa na masikio yetu, angehesabu kwa sauti, na kazi ya siku tano ingekwisha kwa siku mbili. Hatukumwambia usoni. Ila tulikuwa tunasubiri astaafu.

Akastaafu. Na mambo yakabadilika haraka, kama mnavyopenda nyinyi. Ofisi ikatuletea simu zenye sauti ya Karani ndani yake, na vispika vidogo vya kuchomeka. Unasimama, unabonyeza, simu inalia tak-tak-tak. Dume aliye kichakani anadhani kaingiliwa kwenye eneo lake, anajibu kwa hasira. Anayejibu anahesabiwa. Tukasema sasa kazi imekuwa kazi. Punje niliendelea nazo kwa mazoea tu, mkono umezoea mfuko.

Mwaka huo, nisikilizeni vizuri, ndio mwaka wa daftari mnaloliulizia nyinyi. Ndege walikuwa wamepungua, misimu mitatu mfululizo mfuko wa kushoto ulikuwa unarudi mwepesi. Na kijiji kilikuwa karibu kuamua kisiwa kifungwe au kiachwe wazi, watu waendelee kukata miiba ya mazizi na wengine wachome mkaa. Nilikwenda na moyo mzito. Mimi nikachukua upande wa magharibi, Elibariki upande wa mashariki, tukakubaliana kila mmoja atembee kwenda upande wa mwenzake. Kile kichaka mnakijua, hatua kumi mbele humwoni mtu.

Nikabonyeza simu. Papo hapo nikajibiwa. Nikahamisha punje. Nikasogea, nikabonyeza, nikajibiwa tena, mara mbili, kwa nguvu. Jamani, nilifurahi, machozi yalinilenga. Kila nilipobonyeza, kisiwa kilijibu. Ilipofika saa nne asubuhi punje za mfuko wa kulia zikaniishia. Hazijawahi kuniishia maishani. Nikaanza kuokota vinyesi vya mbuzi vilivyokauka, nikawa naweka hivyo mfukoni kwa ajili ya ndege waliozidi.

Mchana tukakutana kwenye jiwe kubwa katikati, tukatoa viazi vyetu vya kuchemsha. Elibariki alikuwa anang'aa uso. "Aisee Mama," akasema, "sijawahi kuona hivi. Kila nikipiga, wananijibu papo hapo. Wengi wako upande wako."

"Upande wangu?" nikasema. "Mimi naona wengi walikuwa upande wako."

Akabonyeza simu yake kunionyesha alivyokuwa anafanya. Ikalia. Mimi bila kufikiri nikabonyeza yangu. Ikajibu. Akaniangalia, nikamwangalia. Kiazi kilikuwa mdomoni, sikukitafuna wala sikukitema.

Tulicheka kwanza. Nataka mjue kwamba tulicheka, tena sana, mpaka Elibariki akashika mbavu. Asubuhi nzima tulikuwa tunahesabiana. Nilimhesabu mtu wa Arusha na simu yake nikamwandika ndege. Halafu kicheko kikaisha, tukabaki tunaangalia maganda ya viazi. Elibariki akasema, "Mama, tukirudia kesho, wakiwa wachache, itakuwaje?" Maana mkutano wa kisiwa ulikuwa wiki ile ile, na ofisi ilikuwa inasubiri hesabu yetu.

Mimi ndiye niliyejibu. Elibariki asije akabebeshwa. Nilisema, "Tuipeleke hivi hivi. Tutarekebisha mwakani." Nilikuwa nasema uongo? Sijui. Nilijua kwamba baadhi ya sauti zilikuwa za ndege kweli, kwa sababu nyingine zilitoka juu, na nyingine zilikuja sisi tumeshanyamaza. Zipi na zipi, siwezi kusema. Sikuwa nimeona mkia hata mmoja siku ile, kwa sababu sikuwa nimetazama. Nikaandika kila punje na kila kinyesi cha mbuzi. Kisiwa kikafungwa. Mwakani hatukurekebisha, kwa sababu kurekebisha ni kusema.

Bango la kufunga nililipaka rangi mwenyewe, kwenye bati nene refu kuliko mimi: MSITU HUU UMEFUNGWA. USIKATE MITI. USICHUNGE. Rangi nyekundu iliisha katikati nikamalizia na nyeusi. Lilisimikwa pale kwenye shingo ya matope, na mtu wa kwanza kulisoma alikuwa Wankuru.

Wankuru mnamfahamu, shamba lake limepakana na bwawa. Ni rika langu, mjane kama mimi, na tangu anaolewa pale zizi la ng'ombe wao lilifungwa kwa miiba ya kile kisiwa. Nyinyi mliozaliwa na ua wa waya hamwezi kujua. Miiba ile ukiipanga vizuri, shina nje, matawi ndani, kila mwaka unaongeza juu, fisi hapiti. Anaweka pua, anaiondoa. Wankuru alisoma bango, hakugombana. Akapanda minyaa. Minyaa inahitaji miaka ndipo izibe, na fisi hakusubiri. Aliingia akachukua ndama watatu kwa msimu mmoja.

Baada ya ndama wa tatu alikuja nyumbani asubuhi, kamba ya ndama bado iko mkononi. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya, mimi ni Mkurya, kelele naziweza. Aliuliza tu, "Bhoke, hao ndege wako ni wengi kweli?"

Nikasema, "Ni wengi."

Akasema haya, akaondoka. Tangu siku ile tumekutana kisimani, kanisani, kwenye misiba, tumesaidiana kupalilia, na kila nikimwona naona ile kamba. Nimelijutia neno lile moja kuliko hesabu yote ya daftari.

Sasa niwaambie na habari ya mlamba, nisije nikasahau, maana inahusu kazi yenu. Nilipostaafu nilikwenda kisiwani peke yangu, bila simu, bila koti. Nilitaka kuusafisha moyo wangu. Nikasimama, jua mgongoni. Nikamsikia Karani, tak-tak-tak, karibu kabisa. Nikasema moyoni asante, kumbe mpo. Nikahesabu mpaka mia, kama Mzee alivyonifundisha. Akatokea. Alikuwa mlamba, yule ndege mweusi mwenye mkia wa panda anayefuata ng'ombe. Akakaa mbele yangu akafungua mdomo, akatoa sauti ya Karani vizuri kuliko Karani.

Nilikaa chini, sikujali sisimizi. Mlamba ni mwigaji, anaiga hata filimbi ya mchungaji. Lakini alijifunza kwa nani? Kwa Karani mwenyewe, au kwa simu zetu, zilizolia pale msimu baada ya msimu? Kama ni kwa Karani, basi yupo, au alikuwepo. Kama ni kwa simu, basi tulimfundisha sisi, halafu tukaja kumhesabu. Nimeliwaza jambo hilo miaka yote hii na bado sielewi mbele wala nyuma. Ila siku hiyo ndiyo nilielewa kwamba Mzee Sasi hakuweka sheria ya mkia kwa sababu ya sikio lake. Aliiweka kwa sababu ya masikio yetu. Nilitaka kwenda Robanda kumwambia. Alikuwa ameshazikwa.

Basi mkaja nyinyi na mashine zenu za kurekodi. Siku tatu kisiwani, mkaandika kwamba sauti mmezisikia lakini ndege hamjamwona hata mmoja, na sauti mlizofuata ziliishia kwa mlamba. Mlifanya vizuri. Nawaambia kama bibi yenu na kama mtu wa kazi, kuandika hakuna ni kazi ngumu kuliko kuandika wengi. Ile karatasi yenu ikasomwa kwenye mkutano, na mwenyekiti akageuka akaniuliza mimi mbele ya watu wote: daftari la Mama Bhoke linasema vile, vijana wanasema hivi, tufuate lipi?

Nilisimama. Nikaanza kusema habari ya simu mbili na viazi. Mlikuwepo. Wengine walicheka. Yule jamaa mwenye shati la bluu aliposema, "Kwa hiyo tulifungiwa msitu na simu?" sikubisha, kwa sababu ni kweli, na pia si kweli yote. Nilitaka kusema kwamba bado kunaweza kuwa na wachache, kwamba kutomwona si kwamba hayupo. Nani angenisikiliza? Wakati wa kusema kwamba hatuna hakika ulikuwa miaka ile, nikiwa na koti. Mkutano ukafungua kisiwa. Kila kaya inayopakana na bwawa ikate miiba ya zizi, na wa kwanza awe Wankuru. Hapo hakuna aliyepinga. Bango likang'olewa, wakalileta wakalitupa nyuma ya jiko langu, wakisema ni mwandiko wangu nikae nalo.

Wankuru alipita mbele yangu akitoka mkutanoni. Hakuniangalia. Nilitaka kumshika mkono, mkono ukagoma.

Siku iliyofuata nikasikia panga kisiwani. Nilikuwa nafua, kila panga likilia nakunja uso. Sikujua naumia kwa ajili ya nani. Nikimfikiria Karani naona tawi linaanguka, nikimfikiria Wankuru naona ndama wake wanalala salama, na yote mawili yalikuwa yananiuma na kunifurahisha kwa pamoja. Mnisamehe, nawaandikia kama nilivyohisi. Siku ya pili pia panga lililia. Ua wake ukazunguka zizi, kimo cha mtu, ukabaki mlango tu.

Siku ya tatu, ndiyo hiyo juzi ninayowaambia, panga lililia mara mbili likanyamaza. Muda si mrefu Wankuru huyo hapo uani kwangu. Hana mzigo. Mikono imechanwa na miiba, panga liko mkononi. Nikasema leo ni leo. Nikamsogezea kigoda, hakukaa.

"Bhoke," akasema, "huyo ndege wako mkia wake ukoje?"

Nikamwuliza kwa nini. Akasema nijibu kwanza. Nikasema, "Sema wewe."

"Umesimama hivi." Akasimamisha kidole. "Una nyeupe pembeni. Huku, na huku."

Nikamwambia pengine ni mlamba. Akanikata jicho. "Mlamba mimi simjui? Anashinda juu ya mgongo wa ng'ombe wangu. Huyu ni wa kijivu, mdogo. Nimepiga tawi mara mbili, akatoka ananitukana, tak-tak-tak. Nikadhani ni wale watoto wako na simu zao, nikaita, hakuna mtu. Akaruka akatua kwenye tawi juu ya kichwa changu, karibu kama wewe ulivyo. Nikaangalia ndani ya kile kichaka. Kuna kimfuko kidogo cha nyuzi za buibui na majani, kina mlango ubavuni."

Kiota. Vijana wangu, nimemhesabu ndege huyu maisha yangu yote ya kazi, na kiota chake sijawahi kukiona kwa macho. Nikamwuliza kama amekikata. Akasema hapana, ameliacha lile tawi, akarudi. Halafu akasema, "Ila vichaka vya jana na juzi sikuangalia ndani. Sikujua kama kuna cha kuangalia."

Na mimi sikumwambia. Hilo nalo ni langu.

Nilikaa mimi kwenye kigoda nilichomwekea yeye. Nikamwambia, "Wankuru, ukisema hili kwa mwenyekiti, kisiwa kitafungwa tena. Na zizi lako halina mlango. Kwa nini umekuja kuniambia?"

Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtu mjinga. "Wewe ulinidanganya," akasema. "Sasa unataka na mimi nikudanganye?"

Nililia. Sioni aibu kuandika. Kumbe alijua kabla ya mkutano? Nilimwuliza, akasema alijua siku ile ya kamba, kwa jinsi nilivyojibu haraka. Miaka yote hiyo ananipalilia shamba anajua. Sasa hilo ndilo ambalo sijalielewa hata leo na sidhani kama nitalielewa.

"Leta daftari," akasema. "Andika."

Nikaingia ndani. Koti la kaki bado linaning'inia nyuma ya mlango, nikapitisha mkono kwenye mfuko wa kulia, kuna punje moja iliyoliwa na wadudu. Nikaihamisha. Kisha nikaandika: Karani, mmoja, ameonekana na mkia wake, na kiota. Aliyeona ni Wankuru. Ni ndege wa kwanza kuandikwa kwa sheria ya Mzee Sasi tangu Mzee mwenyewe alipovua koti lake, na aliyemwona ni mtu aliyekuwa anamkatia mti.

"Na mlango?" nikamwuliza nilipotoka.

Alikuwa anatazama nyuma ya jiko langu. Akaenda, akaliinua lile bango kwa upande mmoja, akapima urefu kwa mkono. Akasema, "Shika huko."

Tukalibeba vibibi viwili, tukipumzika kila baada ya hatua ishirini, watu wanatushangaa njiani. Tukalifunga kwa waya kwenye nguzo mbili za zizi lake, likawa mlango, tukalijaribu kufungua na kufunga. Linakwaruza chini kidogo lakini linaziba.

Kesho asubuhi yeye na mimi tunakwenda kwa mwenyekiti na daftari. Sijui watasemaje. Wanaweza kusema bibi amesharudia mambo yake, na sitawalaumu. Nyinyi njooni kisiwani keshokutwa jua likitoka, kichaka Wankuru atawaonyesha. Simu acheni nyumbani. Jazeni punje mfuko wa kulia, za mahindi makavu, na msimame mpaka mwone mkia wenyewe.

Na kama kisiwa kitafungwa tena na mkaambiwa mlitafute bango, liko kwa Wankuru. Mpelekeeni mlango mwingine wa zizi kwanza, ndipo muombe.